Mama Analima Msituni, na Mimi Nataka Waache Kufyeka

Juzi niliweka video fupi ya msitu wa saiprasi ulio karibu na kwetu. Wiki moja miti ilikuwa imesimama, wiki iliyofuata ni visiki tupu. Wengi wenu mliandika kitu kimoja: si watapanda tena? Ni kweli, watapanda. Na kati ya watu wa kwanza kushika jembe pale atakuwa mama yangu.

Acha nieleze, kwa sababu hii hadithi inaniuma pande zote mbili.

Huku kwetu, msitu wa kupandwa ukishafyekwa, wanakijiji hupewa vipande walime viazi na maharagwe katikati ya miche. Wanapalilia mimea yao na miche pamoja. Baada ya miaka mitatu hivi, miti inaanza kufunika jua, mazao yanakataa, na watu wanatoka. Karo yangu ya chuo ilitoka kwa viazi hivyo. Kipande kilipofungwa na kingine hakikupatikana, mimi nami nikatoka chuo nikiwa mwaka wa pili. Kwa hivyo nikisema nachukia visiki, jueni kuna visiki vilivyonisomesha.

Huu mfumo wa shamba ulianza Kenya mwaka wa 1910, lakini haukuzaliwa hapa. Katikati ya karne ya 19 kule Burma, Mjerumani mmoja aliyeajiriwa na Waingereza, Dietrich Brandis, aliwaachia wakulima wa Kikareni walime mradi wapande misaji katikati ya mazao. Wazo likasafiri na dola hadi kwetu. Nyuma yake kulikuwa na hesabu ya misitu iliyokomaa Ujerumani: gawanya msitu vipande, kila kipande kiwe na miti ya umri mmoja, ikikomaa kata yote, panda upya. Hesabu yake ni rahisi. Hata mtu aliye ofisini, ambaye hajawahi kukanyaga matope, anaweza kuipiga.

Sasa, wakati hesabu hiyo inazunguka dunia, kuna jamaa alikuwa anaipinga kimyakimya. Henri Biolley, Mswisi, alizaliwa 1858. Mwaka wa 1880 alipewa kusimamia misitu ya bonde la Val-de-Travers, katika milima ya Jura. Manze, alikuwa na miaka ishirini na kitu, umri wangu huu. Alikuwa amesoma maandishi ya Mfaransa Adolphe Gurnaud, mtaalamu aliyekosana na wakubwa wake kwa kusema kwamba msitu hauhitaji kufyekwa ndipo uvunwe. Ufaransa haikumsikiliza. Biolley alimsikiliza.

Katika kijiji cha Couvet, mwaka wa 1890, Biolley alianza kuhesabu. Hakuhesabu miche. Alipima unene wa miti iliyosimama, mmoja mmoja, kwa kimo cha kifua. Miaka michache baadaye akarudi akapima tena. Tofauti ya vipimo viwili, ukijumlisha na kilichokatwa katikati, ndiyo iliyomwambia msitu umekua kiasi gani. Akishajua hilo, anajua kiasi cha kukata bila kula mtaji. Mti mkubwa unatolewa hapa, mwanga unaingia, miche iliyojiotea chini inainuka yenyewe. Wakubwa, wa kati na wadogo wanaishi pamoja, na udongo haubaki uchi hata siku moja. Msitu wa Couvet umepimwa na kuvunwa kwa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 100.

Ujerumani nako wazo lilichipuka. Alfred Möller, profesa wa Eberswalde, alitoa kitabu chake kuhusu msitu wa kudumu mwaka wa 1922, na akafa mwaka huohuo. Halafu siasa ikaingia. Mwaka wa 1934 serikali ya Hitler, kupitia Hermann Göring, ilifanya msitu wa kudumu kuwa amri ya taifa. Haikuchukua miaka mingi wakalegeza, kwa sababu walitaka mbao nyingi za kujiandaa kwa vita. Mimi nachukua somo hapo: huwezi kuamrisha kitu ambacho watu wako hawajafunzwa kukifanya, halafu ukitaka pesa za haraka ukivunje mwenyewe.

Slovenia walikwenda taratibu zaidi. Walipiga marufuku kufyeka mwishoni mwa miaka ya 1940, na wakajenga kizazi cha mabwana miti wanaojua kuchagua. Ndiyo maana mwaka wa 1989, wataalamu wa Ulaya walipounda chama chao cha Pro Silva, walikutana huko, Robanov Kot. Waingereza waliunda kikundi chao mwaka wa 1991.

Na hapa ndipo kuna shida ya kweli: mafunzo. Kufyeka unaweza kumfundisha mtu asubuhi, mchana akaanza kazi. Kuchagua ni jicho, na jicho halikai kwenye noti. Kwa hivyo Ulaya wana darasa la nje wanaloliita marteloskopu, jina lililotokana na nyundo ya zamani ya kuwekea miti alama. Mara nyingi ni hekta moja. Kila mti una namba, umepimwa, thamani ya mbao zake inajulikana, hata mashimo ya ndege yameandikwa. Wanafunzi wanaingia, kila mmoja anachagua miti ya kutoa, kisha kompyuta inaonyesha: umepata pesa hizi, umebakiza msitu huu. Halafu wanabishana. Wawili wanaweza kusimama chini ya mti mmoja wakatofautiana kabisa, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Sisi tunahesabu nini? Miche. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila kiongozi ana picha akiwa na koleo. Biolley alihesabu iliyosimama. Nadhani tofauti yote iko hapo.

Sitawadanganya kwamba tunaweza kunakili Couvet kesho. Miti yao mingi huvumilia kivuli ikiwa midogo. Saiprasi na misonobari yetu hutaka mwanga, na imepandwa kwa mistari, umri mmoja. Itabidi kupunguza polepole, kuingiza miti ya kienyeji kama podo ambayo miche yake huvumilia kivuli, na kusubiri miaka mingi. Lakini chuo cha misitu cha Londiani kipo tangu 1957, na sheria ya misitu ya 2005 ilitambua vyama vya jamii. Hekta moja yenye miti iliyopewa namba haihitaji bilioni. Waingie maafisa, waingie wanafunzi, na waingie akina mama wanaolima pale. Wao wanajua ni upande gani maji hupita mvua ikinyesha.

Jioni nilimweleza Mama haya yote akiwa anamenya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwamba kijito kimekuwa cha matope tangu wafyeke. Alikubali kwamba msitu wa kuchagua ni mzuri. Kisha akauliza, "Na mimi nitalima wapi?"

Sikuwa na jibu. Msitu usiofyekwa hautoi shamba. Labda alipwe kwa kupima na kuweka alama, kazi ya mwaka hadi mwaka badala ya viazi vya miaka mitatu. Labda. Lakini yeyote atakayekuja kutufundisha huu utaalamu, tafadhali aanze na swali la mathe, asiliache liwe la mwisho.