Mainstream: Jarida la India lililokataa kukaguliwa

MAINSTREAM ni jina la jarida la mrengo wa kushoto lililoasisiwa jijini New Delhi, India, mwaka wa 1962 na mwanahabari Nikhil Chakravartty (1913-1998). Ingawa mwasisi wake alikuwa amekitumikia Chama cha Kikomunisti, jarida lenyewe halikumilikiwa na chama chochote.

Lilitetea mambo matatu: demokrasia, ujamaa na serikali isiyoegemea dini yoyote. Hilo la tatu lina uzito mkubwa nchini humo, kwani mgawanyiko wa 1947 uliandamana na mauaji baina ya Wahindu, Waislamu na Masingasinga.

Mtihani ulikuja Juni 1975, serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilipotangaza hali ya hatari. Wapinzani walitiwa kizuizini na magazeti yakawekwa chini ya wakaguzi. Badala ya kuendelea kuandika kwa idhini ya wakaguzi hao, Chakravartty alisimamisha jarida lake.

Ajabu ni kwamba mwaka wa 1976, hali hiyo ikiendelea, bunge liliidhinisha ujamaa na kutoegemea dini kutajwa katika utangulizi wa katiba. Itikadi zikapata nafasi katika sheria, huku watetezi wake wakizibwa midomo.

Hali ya hatari iliondolewa Machi 1977 na jarida likarejea. Mwaka wa 1990 Chakravartty alikataa nishani ya taifa ya Padma Bhushan, akishikilia kuwa mwanahabari hapaswi kuonekana kuwa karibu na watawala.