Hori ya Greccio na Chimbuko la Pango la Noeli

Pango la Noeli, yaani mfano wa zizi la Bethlehemu unaowekwa makanisani na majumbani wakati wa Krismasi, kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223 aliadhimisha usiku wa Noeli katika kijiji cha Greccio, kwenye bonde la Rieti nchini Italia. Hata hivyo, Thomas wa Celano, aliyeandika wasifu wa kwanza wa mtakatifu huyo miaka michache tu baadaye, hataji sanamu hata moja, wala hasemi kwamba kulikuwa na watu walioigiza Maria na Yosefu.

Kwa maelezo ya Celano, wiki zipatazo mbili kabla ya sikukuu Fransisko alimwomba mwungwana wa huko aliyeitwa Giovanni aandae hori, yaani chombo cha kulishia mifugo, pamoja na nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili macho ya waumini yaone dhiki aliyozaliwa nayo Mtoto Yesu. Wanyama hao wawili hawamo katika Injili ya Luka. Mapokeo ya Kanisa yaliwachukua katika sura ya kwanza ya kitabu cha nabii Isaya, na sanaa ya Kikristo ilikuwa imewachora karne nyingi kabla ya Fransisko. Wanakijiji walikuja na mishumaa na mienge, Misa ikaadhimishwa palipokuwa na hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, yaani mhudumu wa altare mwenye daraja lililo chini ya upadri, akaimba Injili na kuhubiri. Hapo ndipo ilipo maana ya tukio zima, ingawa ndipo wasimulizi wengi wanapopita haraka: katika mawaidha yake kwa ndugu zake, Fransisko alifundisha kwamba Mwana wa Mungu hujishusha kila siku altareni kama alivyojishusha kuingia tumboni mwa Bikira, kwa hiyo hori iliyoachwa bila sanamu haikuwa na upungufu wowote, kwani aliyesubiriwa pale aliaminiwa kuja katika mkate. Ufukara huo haukuwa wa usiku mmoja pia, maana tarehe 29 Novemba mwaka uleule Papa Honorius III alikuwa ameithibitisha kanuni ya Ndugu Wadogo, shirika la Fransisko, ambayo iliwakataza watawa kupokea fedha.

Sanamu zilifuata baadaye. Mwishoni mwa karne ya 13 mchongaji Arnolfo di Cambio alitengeneza sanamu za mawe za Noeli kwa ajili ya kanisa la Santa Maria Maggiore mjini Roma, na kufikia karne ya 18 matajiri wa Napoli walikuwa wakishindana kwa mapango yenye masoko, vilabu vya mvinyo na wanasesere waliovikwa hariri, kiasi kwamba mtazamaji alilazimika kumtafuta Mtoto katikati ya wauza samaki. Ufundi wake ni wa kustaajabisha, lakini ni vigumu kuona Fransisko angeitambua humo hori aliyomwomba Giovanni.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuufananisha usahili wa Greccio na ukavu. Katika wasifu wake wa pili Celano anaeleza kwamba Krismasi iliposadifu siku ya Ijumaa, siku ya kutokula nyama, ndugu mmoja alikumbusha mfungo, naye Fransisko akamkemea na kusema kwamba siku hiyo hata kuta zingefaa kula nyama, na kwa kuwa haziwezi, zipakwe. Alitamani pia mfalme mkuu atoe amri ili watu wawamwagie ndege nafaka barabarani, ng'ombe na punda waongezewe malisho, na matajiri wawashibishe maskini. Hivyo anayelitumia jina la Fransisko kuifanya Noeli iwe siku ya kujinyima chakula anamsingizia.