Faragha, Rangi na Hasira ya Umma katika Historia ya Afrika Mashariki, 1861–1970

Utangulizi

Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika katika dola ya Karagwe, ambamo leo mna kata ya Nyakasimbi, akapokewa kwa ukarimu na Omukama Rumanyika. Akiwa huko alimwomba shemeji mmoja wa mfalme akubali kupimwa mwili wake. Mwanamke huyo alikubali baada ya Speke kuahidi kumwonyesha naye miguu na mikono yake mitupu. Yalikuwa mapatano ya watu wawili, yaliyofanyika nyumbani. Hata hivyo, mwaka 1863 vipimo vya mkono, kifua, paja na kimo cha mwanamke huyo vilichapishwa katika kitabu cha safari za Speke na kusomwa na umma wa Uingereza. Mwenye mwili hakuulizwa kama anaridhia kutangazwa, wala hakuwa na chombo cha kupelekea malalamiko.

Tukio hili linadokeza tatizo linaloshughulikiwa na makala hii. Mjadala kuhusu mwenendo wa faragha wenye sura ya ubaguzi wa rangi huwekwa kwa kawaida katika pande mbili: upande mmoja uhuru wa mtu kufanya apendalo nyumbani kwake, upande wa pili haki ya umma kukasirika. Mgawanyo huo unamwacha nje mtu wa tatu, yaani yule ambaye mwili wake au hiari yake ndiyo iliyoguswa. Hoja ya msingi ya makala hii ni kwamba, katika matukio matatu yaliyozua hasira kubwa Afrika Mashariki katika karne ya 20, ukali wa adhabu ulipimwa kwa kiasi cha fedheha iliyowapata wenye mamlaka. Madhara yaliyompata mtu mmoja mmoja hayakuwa kipimo. Matukio hayo ni ya Nyeri mwaka 1908, Kampala mwaka 1963 na Zanzibar mwaka 1970.

Nyeri, 1908: Madhara makubwa, adhabu ndogo

Mwaka 1908 Hubert Silberrad, ofisa msaidizi wa wilaya katika kituo cha Nyeri, Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, alilalamikiwa kwa kuishi kinyumba na wasichana wa Kiafrika. Wasichana hao walikuwa wadogo, na ofisa huyo alikuwa ndiye serikali mahali pale. Askari aliyepinga kuchukuliwa kwa mmoja wao alijikuta kizuizini kwa amri ya ofisa huyohuyo. Mlowezi W. Scoresby Routledge aliwaondoa wasichana hao na kupeleka shauri kwa gavana mjini Nairobi.

Uchunguzi ulifanyika. Silberrad alipunguziwa mwaka mmoja katika daraja lake la kupandishwa cheo na kuzuiwa kwa muda kusimamia wilaya. Routledge hakuridhika, na mwezi Desemba 1908 aliandika barua katika gazeti la The Times la London. Hasira ilipofika bungeni, Lord Crewe, Waziri wa Makoloni, alitoa waraka wa siri mnamo Januari 1909 akiwaonya maofisa wa makoloni dhidi ya kuishi kinyumba na wanawake wenyeji.

Waraka huo unahitaji kusomwa kwa makini. Sababu iliyotiliwa mkazo ilikuwa kwamba mwenendo wa namna hiyo humshushia ofisa hadhi mbele ya watawaliwa na kuharibu kazi ya utawala. Hiari ya wasichana haikuwa kiini cha hoja. Kwa hiyo, ingawa umma wa Uingereza ulikasirishwa na jambo lililokuwa ovu kweli, jibu la dola lililinda heshima ya dola. Aidha, lililoitwa maisha ya faragha ya ofisa lilitegemea mamlaka yake ya hadharani, kwani asingeweza kumfunga askari yule kama angekuwa mtu wa kawaida. Katika mazingira hayo neno faragha lilitumika kufunika matumizi ya cheo.

Kampala, 1963: Dhihaka na kufukuzwa

Usiku wa kuamkia uhuru wa Kenya, Desemba 1963, kikundi cha wakazi Wazungu, wengi wao Waingereza, kilifanya sherehe katika nyumba moja ya Tank Hill, Kampala. Dhamira yake ilikuwa kuadhimisha kwa kejeli mwisho wa ule ulioitwa mzigo wa mtu mweupe. Uganda yenyewe ilikuwa na umri wa miezi 14 tu tangu ipate uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Habari za dhihaka hiyo zilipotoka nje ya nyumba, vijana wa chama tawala cha UPC walicharuka, wabunge wakalaani, na serikali ya Milton Obote ikawafukuza nchini baadhi ya wahusika.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuiona hatua hiyo kuwa ya kupita kiasi, kwa kuwa sherehe ilikuwa ya watu binafsi na Katiba ya Uganda ya 1962 ilikuwa na sura nzima ya haki za msingi, ikiwamo faragha ya nyumba. Lakini mtazamo huo hauzingatii historia. Kwa miongo mingi klabu na majumba ya Wazungu yalikuwa mahali ambapo mambo ya utawala yalizungumzwa na kukubaliwa, huku Mwafrika akiingia humo kama mtumishi. Baadhi ya wakazi wa kigeni waliendelea kushika kazi za serikali hata baada ya bendera kushushwa. Raia wa nchi changa alikuwa na haki ya kuuliza kama mtu anayemdhihaki usiku anaweza kumhudumia kwa haki asubuhi.

Swali hilo lilikuwa halali kwa watumishi wa umma, na lingeweza kujibiwa kwa taratibu za kazi. Kufukuzwa nchini kulikuwa jambo jingine. Sheria za uhamiaji ziliipa serikali uwezo wa kumwondoa mgeni bila kwanza kuthibitisha kosa lake mahakamani. Hapa ndipo ulinganisho na Nyeri unapotoa fundisho. Ofisa aliyewatwaa wasichana aliendelea na kazi, ilhali watu waliovaa na kuimba kwa kejeli waliondolewa nchini. Katika tukio la kwanza dola haikujiona imeumizwa sana. Katika la pili iliyotukanwa ilikuwa dola yenyewe. Haidaiwi hapa kwamba Tank Hill ilizaa amri ya Idi Amin ya Agosti 1972 dhidi ya Waasia, kwani mazingira yalikuwa tofauti kabisa. Linalodaiwa ni dogo zaidi: uwezo wa kumfukuza mtu bila kumsikiliza haubagui kati ya hasira ya haki na hasira ya uonevu.

Zanzibar, 1970: Kukataa kunapofanywa kosa

Tukio la tatu linageuza sura ya suala. Mnamo Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wajumbe wa Baraza la Mapinduzi. Ndugu zao waliopinga walitiwa mbaroni. Rais Abeid Amani Karume aliitetea hatua hiyo kwa kukumbusha kwamba zamani Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria bila ndoa. Kwa mantiki hiyo, familia iliyokataa kuoza kwa Mwafrika ilikuwa ikiendeleza ubaguzi ambao Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliupindua.

Kumbukumbu aliyoitaja Karume ilikuwa na ukweli ndani yake. Usuria ulikuwapo, na matabaka ya rangi katika ndoa za Zanzibar yalikuwa dhahiri. Lakini tiba aliyoichagua iliurudia ugonjwa wenyewe. Suria wa zamani hakuulizwa. Bibi harusi wa 1970 naye hakuulizwa. Kilichobadilika ni rangi ya mwenye nguvu. Tukio hilo lilishutumiwa sana nje ya nchi na kumweka Rais wa Muungano, Julius Nyerere, katika hali ngumu, kwa kuwa sheria za ndoa hazikuwa miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitamka kwamba hakuna ndoa bila ridhaa ya hiari ya wahusika.

Hitimisho

Matukio haya hayathibitishi kwamba yatendwayo nyumbani hayauhusu umma. Nyeri inaonyesha kinyume chake. Yanathibitisha kwamba mlango wa nyumba ni kipimo dhaifu. Maswali mawili yanafaa zaidi: je, tendo lilimnyima mtu mwingine uhuru wake, na je, mtuhumiwa alisikilizwa na chombo kisichokuwa mlalamikaji? Silberrad alistahili adhabu kubwa kwa swali la kwanza. Wageni wa Tank Hill walistahili kulaumiwa hadharani, na waliokuwa watumishi wa umma kuhojiwa na mwajiri wao, lakini swali la pili halikutimizwa kwao. Wasichana wa Zanzibar hawakuwa na kosa lolote la kujibu.

Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 ililinda faragha ya mtu, familia na maskani yake. Hata hivyo, hadi 2019 ndipo Mahakama ya Rufani ilipothibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi vilikiuka Katiba. Miaka 158 ilikuwa imepita tangu mwanamke wa Karagwe apimwe. Yeye aliulizwa kuhusu kupimwa, lakini hakuulizwa kuhusu kuchapishwa. Historia ya faragha katika eneo hili haitakamilika iwapo itaandikwa kutokana na kumbukumbu za waliokasirika na waliotuhumiwa peke yao.