Pleibeki jukwaani: Sauti ya msanii au ya CD?

PLEIBEKI ni mtindo wa msanii kuchezesha midomo jukwaani huku ikisikika sauti yake iliyorekodiwa studio.

Mkoani Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki dunia mwaka 1979, aliimba na bendi kamili. Bongo fleva, iliyomtoa Profesa Jay, mbunge wa Mikumi wilayani Kilosa mwaka 2015 hadi 2020, ilikuja na wasanii wengi waliopanda jukwaani na CD badala ya bendi.

Aidha, programu ya Auto-Tune, iliyotoka Marekani mwaka 1997, hunyoosha sauti iliyopotoka hata msanii anapoimba mwenyewe.

Kwa mlipa kiingilio, kipimo cha pleibeki ni rahisi: kipaza sauti kinapoondolewa mdomoni, sauti haipungui.