Kuchanganya RAM tofauti kwenye kompyuta: Nini kinakubali, nini kinagoma

Ukipita mabweni ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, utakuta kompyuta mpakato nyingi zilizonunuliwa mtumba zikiwa na RAM ya GB 4. Kivinjari kikifunguliwa pamoja na Word, mashine inaanza kusuasua. Dawa ya bei nafuu ni kuongeza kipande cha pili cha RAM. Swali ni moja: je, lazima kifanane na cha kwanza?

Jibu fupi: si lazima vifanane kwa kila kitu, lakini kuna mambo matatu yasiyo na mjadala.

1. Kizazi

DDR3, DDR4 na DDR5 havichanganyiki. Pengo lililokatwa kwenye meno ya kila kizazi liko mahali tofauti, hivyo kipande kisicho chake hakiingii. Kikigoma kuingia, usikilazimishe. Utavunja tundu, na hasara itahamia kwenye ubao mkuu.

2. Umbo

RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu, ya mpakato ni fupi. Ya DDR4 ya mezani ina pini 288, ya mpakato ina 260.

3. Umeme

Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu kipande kinaingia vizuri tu. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35, na zote zina umbo moja. Kompyuta mpakato nyingi zilizotoka kuanzia 2013 zinataka DDR3L pekee. Ukiweka DDR3 ya kawaida, mashine inaweza isiwake kabisa.

Soma lebo kabla ya kutoa hela

PC3 maana yake DDR3, PC3L ni DDR3L, PC4 ni DDR4. Kwenye DDR3, namba 12800 ni kasi ya 1600. Herufi S mwishoni mwa namba hiyo ni ya mpakato, U ni ya mezani. Ukiona R, hiyo ni RAM ya seva. Hata ikiuzwa bei ya kutupa, haitafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida.

Vinavyoweza kutofautiana

*Kampuni:* Samsung na Kingston vinaweza kukaa pamoja.

*Kasi:* Ukichanganya 2400 na 3200, kwa kawaida vyote vitakwenda kwa 2400. Mwenye mbio humsubiri mwenzake.

*Ukubwa:* GB 4 na GB 8 zinakupa GB 12. Kwenye kompyuta nyingi za Intel, GB 4 za kila kipande hufanya kazi kwa jozi, na GB 4 zinazobaki huenda peke yake, taratibu kidogo. Bado ni nafuu kubwa kuliko kubaki na GB 4.

Kagua mashine yenyewe

Fungua Task Manager, ingia Performance, kisha Memory. Utaona kasi ya RAM iliyopo na idadi ya matundu yaliyotumika. Baadhi ya mpakato nyembamba zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao na hazina tundu la kuongezea.

Angalia pia kama Windows ni ya biti 32. Hiyo haivuki GB 4, hata uongeze RAM kiasi gani.

Jaribu kabla hujaondoka dukani

Nenda mjini Arusha na mashine yako, usiende na maelezo ya mdomo. Kabla ya kufungua, fundi azime kabisa, atoe chaja na betri, kisha aguse chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Mashine kuwaka si ushahidi kwamba vipande vimeelewana. RAM zisizopatana huweza kuleta skrini ya bluu au kuharibu faili siku kadhaa baadaye, pengine wiki ya kukabidhi tasnifu. Kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, na uache kipimo kimalize. Omba pia siku chache za kurudisha kipande kikisumbua.

Na kabla ya yote, hifadhi kazi zako kwenye flashi. RAM inanunulika tena, tasnifu hainunuliki.