Kiswahili cha Ng'ambo na Siti binti Saad

 

Juma lililopita darasa lenu lilizungumza juu ya lugha na tabaka za watu katika fasihi. Bibi mmoja alisimama akasema kuwa lugha ya vitabuni ni ya waungwana; ya kwetu Manzese ni ya sokoni, haifai kuandikwa. Wenziwe wakampigia makofi. Jambo hili si dogo, maana mtu akiliamini ataogopa kushika kalamu. Basi na tulipime kwa historia.

Neno muungwana, zamani pwani, lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Papo hapo lilikuwa na maana ya mtu mwenye adabu na maneno mazuri. Kwa hiyo mtumwa alihesabiwa hana adabu wala lugha, hata asemeje. Sheria ya kuondoa utumwa ilitolewa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, lakini dharau haina sheria ya kuiondoa.

Katika dharau hiyo alikulia Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa jina Mtumwa. Aliuza vyungu, akivipeleka mjini na kuvitangaza kwa sauti yake. Mwaka 1911 akahamia mjini.

Taarabu wakati ule ilikuwa ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliileta kutoka Misri, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Maskini wa Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliowatenga na majumba ya mawe, walisikia sauti, maana ikawapita.

Siti akaimba Kiswahili, tena kile cha Ng'ambo. Wimbo wake mmoja wajulikana kwa jina la Kijiti. Wasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji akakimbilia bara, na mashahidi ndio wakafungwa! Mambo ya mahakama, ambayo mnyonge hakuweza kuyasema mbele ya hakimu, yakasemwa katika wimbo.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe walikwenda Bombay kutia nyimbo katika santuri. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ambacho ndicho cha vitabu vyenu. Wakubwa wale hawakumwuliza Siti lolote, nadhani. Lakini Kiunguja hicho walikisema wachukuzi na wauza maji, si wenye majumba peke yao.

Msidhani, hata hivyo, kwamba yeye mwenyewe hakujali heshima. Aliimba Kiarabu pia, aliimba mbele ya Sultani, na jina la Mtumwa liliachwa akaitwa Siti, yaani bibi. Naye Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, mtu wa Kiswahili kilichopigwa msasa kuliko wengi, ndiye aliyeandika wasifu wake. Binti wa vyungu akaingia kitabuni.

Sasa fungueni madaftari. Kila mmoja aandike maneno matano yanayotumika sokoni Manzese, ambayo hajapata kuyaona kitabuni, na maana ya kila neno. Yaandikeni kama yasemwavyo. Kipindi kijacho tutayasoma hewani.