Kimvita si Kosa: Msamiati Mgumu katika Ushairi wa Kale

Mwanafunzi akikutana na neno "ndoo" katika ushairi wa Mvita, hufungua kamusi akapata chombo cha maji. Akikutana na "teka", hupata kuchota au kukamata kwa nguvu. Maana hizo ni sahihi katika Kiswahili Sanifu, ila mshairi alikuwa akisema "njoo" na "cheka". Maneno ya aina hii ni hatari kuliko "mato" (macho) au "nti" (nchi), kwa sababu hayamshtui msomaji.

Chanzo cha tatizo hili ni cha kihistoria. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1840, alitunga kwa Kimvita, lugha ya mji wake. Hata kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka wa 1882 iliegemea mno Kiswahili cha Mombasa. Mkondo ulibadilika mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa ulipoteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji (kinaya ambacho wanafunzi hawakisahau). Kamati ya Lugha iliundwa mwaka wa 1930; Frederick Johnson, katibu wake, akatoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka wa 1935. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilifuata mwaka wa 1981. Kwa hivyo, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima, mwanafunzi wa Kisii au Kitui alisoma shairi la Mvita kwa kamusi yenye msingi wa Unguja.

Athari yake katika uhakiki ni kubwa. Watahiniwa wengi, wakiona "mato", hukimbilia istilahi "tabdila" na kudai kwamba mshairi amebadilisha herufi kwa idhini ya kishairi. Sikubaliani na jibu hilo. Muyaka hangeweza kukiuka sanifu iliyokuja miaka 90 baada ya kifo chake. Istilahi inayofaa ni lahaja. Tabdila tuiache kwa mshairi aliyeligeuza neno la lugha yake mwenyewe.

William Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka mwishoni mwa karne ya 19, hakutegemea kamusi. Alimtegemea Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa. Darasani, aghalabu hatuna Sikujua. Tunachoweza kufanya ni kuwaonyesha wanafunzi ulinganifu wa sauti kabla ya kusoma: t kwa ch, nd kwa nj, nt kwa nch. Kisha wajaribu neno katika mshororo mzima, waone kama linaleta maana, ndipo wafungue kamusi. Wasiutumie ulinganifu huo kibubusa, la sivyo "tatu" itageuka "chachu".